Kiholanzi cha darasani hakitoshi kwenye basi la Brugge

Mgeni anayehamia Flandria, upande wa kaskazini wa Ubelgiji, huanzia darasani. Serikali ya huko humtaka ajifunze Kiholanzi, na kinachofundishwa ni Kiholanzi sanifu, kile cha vitabuni na cha taarifa ya habari. Anakaa miezi akihangaika na vitenzi, anafaulu mtihani, anapewa cheti. Kesho yake anapanda basi mjini Brugge, anamuuliza bibi aliyekaa pembeni kama hospitali bado iko mbali, naye bibi anamjibu neno moja tu: "Joat." Neno hilo halimo kitabuni. Mgeni anatabasamu, anaitikia kwa kichwa, lakini hajui kama ameambiwa ashuke au aendelee kukaa.

Brugge ni makao makuu ya jimbo la Flandria Magharibi, linalopakana na Ufaransa upande mmoja na Bahari ya Kaskazini upande mwingine. Lina wakazi zaidi ya milioni moja na laki mbili, na wengi wao, wakiwa nyumbani, sokoni au ndani ya basi, husema Kiflandria cha Magharibi. Wapo wanaokiita lahaja ya Kiholanzi na wapo wanaokiita lugha kamili. UNESCO imekiingiza kwenye orodha yake ya lugha zinazohitaji kuangaliwa zisije zikapotea. Wasemaji wa Kiholanzi wa mikoa mingine ya Ubelgiji hukishindwa, kiasi kwamba anapohojiwa mkulima wa Flandria Magharibi, televisheni huandika maneno yake chini ya picha ili wenzake wa nchi hiyo hiyo wamfuate. Ni kama mtu aliyejifunza Kiswahili cha redio akashushwa kwenye kijiji cha Pemba, au katikati ya soko la Lubumbashi.

Sasa, matangazo yote rasmi ya treni na mabasi hutolewa kwa Kiholanzi sanifu. Vibao ni vya Kiholanzi sanifu. Mtu angeweza kudhani kwamba hayo yanatosha kumfikisha aendako. Lakini safari haiendeshwi na vibao peke yake. Basi likichelewa, kituo kikihamishwa kwa sababu ya ukarabati wa barabara, au mtoto akitapika kwenye kiti, wanaosaidia ni abiria wenzake, na hao husema walivyozoea.

Kigumu cha kwanza ni sauti. Herufi g ya Kiholanzi sanifu hutoka kooni, karibu na ile kh ambayo watu wa pwani huitamka katika "kheri". Watu wa Flandria Magharibi wameilainisha ikawa h. Msemaji wa Kiswahili hana sababu ya kuwashangaa, kwani "kheri" imekuwa "heri" vinywani mwa watu wa bara kwa njia hiyo hiyo. Kwa hiyo Gent, mji ulio jimbo jirani, abiria wanautaja kama "Hent", na Brugge inasikika kama "Bruhhe". Taabu inazidi kwa sababu h ya asili nayo huachwa. "Half", yaani nusu, inakuwa "alf". "Hier", yaani hapa, inakuwa "ier". Mgeni anayesikiliza akitafuta h ataipata mahali isipotakiwa na ataikosa mahali alipofundishwa iko. Juu ya hayo, vokali za mwisho humezwa: "afstappen", kushuka, hutoka kama "ofstappn", kama vile mtu ameuma ulimi.

Kigumu cha pili, kwa msemaji wa Kiswahili, si kigumu hata kidogo. Hapo ndipo mwalimu wa Kiholanzi anapokosa habari muhimu kuhusu wanafunzi wake.

Katika Kiflandria cha Magharibi, "ndiyo" na "hapana" hubadilika kufuata nafsi. Kondakta wa treni akiuliza "Eje e ticket?", una tiketi, mwenye nayo hajibu "ja" kavu. Hujibu "joak", ndiyo kwa maana ya mimi. Akiulizwa kuhusu binti yake, "Is ze mee?", yaani mmefuatana, hujibu "joas", ndiyo kwa yule wa kike. Wakiwa wengi husema "joam". Na swali likihusu kitu au jambo, kama "Is 't nog verre?", bado ni mbali, jibu ni "joat". Kukana nako ni vivyo hivyo: "nink" ni hapana ya mimi, "nint" ni hapana ya kitu. Wenyeji hupenda kutanguliza "bè" mbele yake, "bè joat", sawa na mtu wa Dar es Salaam anavyosema "ee, ndiyo".

Mwingereza au Mfaransa akielezwa jambo hili hushika kichwa. Msemaji wa Kiswahili analo tangu utotoni: ndimi, ndiwe, ndiye, ndisi, ndinyi, ndio. Hata "ndiyo" yenyewe, neno linalotamkwa mara mia kwa siku bila kufikiriwa, ni "ndi" iliyoshikamanishwa na "yo". Basi lile "joat" la bibi wa Brugge lilikuwa na maana ya "ndiyo, bado ni mbali". Mgeni wetu alitakiwa akae.

Na si hilo tu. Mtu wa Flandria Magharibi hutaja nafsi mara mbili katika sentensi moja: "'k Goan ik noa Ostende." Ile 'k ya mwanzo ni mimi, na ile ik inayofuata kitenzi ni mimi tena. Kwa Kiholanzi sanifu hilo ni kosa. Kwa Kiswahili, "mimi ninaenda Oostende" ni sentensi ya kila siku, mimi nje na ni- ndani. Ukanushaji pia hubanwa pande mbili, "'k en weet 't nie", ambapo "en" iko mbele na "nie" iko nyuma. Yule anayesema "sijui" amekwisha kubana kitenzi mwanzo na mwisho bila kwenda shule. Pengine hakuna mgeni anayepanda basi la Brugge akiwa tayari amebeba nusu ya sarufi yake kama msemaji wa Kiswahili, na hakuna aliyemwambia.

Maneno yenyewe ya safarini si mengi. Tahajia rasmi haipo, kila mtu huandika anavyosikia, kwa hiyo asitokee wa kugombana na herufi. Anayepanda humsalimu dereva kwa "goeiendag", na ile g ikiwa h. Dereva wa De Lijn, kampuni ya umma inayoendesha mabasi na tramu za Flandria, siku hizi hashiki fedha. Abiria hugusisha kadi ya benki kwenye mashine au hulipia kwa simu, na hivyo salamu ndiyo inayobaki kati ya watu hao wawili. Anayetaka kupita penye msongamano husema "Mag 'k e ki passern?" Hayo maneno mawili madogo, "e ki", maana yake ni "mara moja", lakini kazi yake ni ile ya "kidogo" katika "naomba nipite kidogo". Hayapunguzi chochote, yanalainisha tu. Anayeyaacha hajakosea sarufi, ila ombi lake linasikika kama amri.

Mwenye mtoto mgongoni au mimba huenda akaambiwa "zet joe", kaa. Hiyo ni ukarimu, si ukali, ijapokuwa inatoka kwa mkato. Kiti kikiwa na mfuko juu yake huulizwa, "Is die plekke vry?" Mlango wa nyuma usipofunguka mtu hupaza sauti, "De deure, assjeblieft!" Kituo huulizwa hivi: "Woa moe'k ofstappn?", nishuke wapi. Na jibu likiwa "nog twi altes", bado vituo viwili. Wazee huitwa "menere" na "madam". Kumwita mama asiyemjua "mama" hakuna maana yoyote huko, na heshima aliyokusudia mgeni haitafika. Wakati wa kushuka "merci" inatosha, au "salu", ambayo hutumika kukaribia na kuaga pia.

Penye hatari ya kweli ni saa.

Waholanzi na Waflandria huhesabu nusu saa kwa kuangalia mbele. "Half acht", ambayo abiria wa Brugge ataitamka "alf achte", haina maana ya saa nane na nusu ya mzungu. Ni nusu ya kuelekea nane, yaani 7:30 asubuhi. Mtu aliyezoea saa ya Kiswahili ana mlima wa kupanda mara mbili. Anasikia "achte", anakumbuka ni nane, anaipeleka kwenye saa mbili ya kwetu, anaongeza nusu, anafika kituoni saa mbili na nusu. Basi limeondoka saa moja na nusu. Amekosea saa nzima, na amekosea kwa hesabu safi kabisa. Wenyeji hawakomi hapo, kwani 7:25 wao ni "vuve voor alf achte", tano kabla ya nusu ya kuelekea nane. Kwa mtu mwenye zamu ya usafi hospitalini, au miadi ya kliniki ya mtoto iliyosubiriwa wiki kadhaa, hilo si suala la lugha tena. Dawa ni moja: kuonyesha simu yenye saa iliyoandikwa kwa tarakimu na kuuliza "Is 't dadde?", ni hii? Atajibiwa "joat" au "nint", na sasa anajua zote mbili.

Tuseme basi kuna mama aliyetoka Bukavu, amefika Roeselare na mwanawe wa miaka minane. Mtoto hajasoma sarufi yoyote ya lahaja. Mwalimu shuleni anasisitiza Kiholanzi sanifu, lakini uwanjani wenzake wanapigiana kelele za "mo vint toch!", jamani wee, na kabla ya mwaka kuisha naye anazipiga. Ndani ya basi mama anauliza kwa Kiholanzi chake cha cheti, bibi anajibu kwa Kiflandria, mama anamgeukia mtoto. "Amesemaje?" Mtoto anajibu bila kuinua macho kwenye simu: "Amesema vituo viwili, mama." Bibi naye, akiona hivyo, safari inayofuata anamwambia mtoto moja kwa moja. Mama amekaa katikati yao, na mazungumzo yanapita juu ya kichwa chake.

Kwenye basi hilo linaweza kuonekana dogo. Lakini mtoto anayemfasiria mama kituo leo ndiye atakayemfasiria barua ya mwenye nyumba kesho, na maneno ya daktari keshokutwa, yakiwemo yale ambayo mtoto hapaswi kuyasikia. Familia nyingi za ughaibuni zinaujua mpangilio huu, na zinajua jinsi mtoto anavyojifunza haraka kwamba anaweza kufasiri nusu. Maneno ishirini ya basini hayawezi kuirudisha mamlaka yote ya mzazi. Lakini mama anayejibu "joak" mwenyewe, mbele ya mwanawe, bibi akamgeukia yeye, amepata kitu ambacho cheti hakikumpa.

Mama wa Bukavu ana faida nyingine ambayo huenda mama wa Tanga hana. Kiflandria kimekopa sana Kifaransa. Baiskeli ni "velo", lori ni "camion", dereva ni "chauffeur", ahsante ni "merci", na kituo cha treni wazee bado hukiita "statie". Kiswahili cha Kongo nacho, pamoja na Kirundi na Kinyarwanda, vilikopa Kifaransa hicho hicho wakati wa utawala wa Wabelgiji, uliokoma Kongo tarehe 30 Juni 1960, na Rwanda na Burundi tarehe 1 Julai 1962. Shofere wa Goma na chauffeur wa Roeselare wametoka kwenye ghala moja.

Ghala hilo lina mambo machungu pia. Mjini Oostende, kwenye ukingo wa bahari, kuna sanamu ya Mfalme Leopold II juu ya farasi, iliyozinduliwa mwaka 1931. Pembeni yake wamechongwa Wakongo wanaomshukuru kwa kuwaokoa na utumwa. Mwaka 2004 wanaharakati waliukata kwa msumeno mkono wa mmoja wa Wakongo hao wa shaba, kukumbusha mikono iliyokatwa chini ya utawala wa mfalme huyo. Walijiita "De Stoete Ostendenoare", Mwana-Oostende jasiri. Jina hilo si Kiholanzi sanifu. Walipotaka kusema jambo zito kuhusu Kongo, walilisema kwa lugha ya kwenye tramu.

Kizuizi kimoja hakitajwi darasani. Mwenyeji akisikia lafudhi ya kigeni huacha lahaja yake papo hapo, akahamia Kiholanzi cha kujitahidi, Kifaransa au Kiingereza. Anafanya hivyo kwa wema, lakini wema huo unamnyima mgeni masikio. Akiacha kabisa, mgeni atakuwa anasemeshwa kwa lugha moja na kusengenywa kwa nyingine. Sentensi ya kumrudisha ni "E bitje trager, assjeblieft", polepole kidogo tafadhali. Imeomba mwendo upunguzwe, haikuomba lugha ibadilishwe, na wengi huelewa tofauti hiyo.

Hata salamu ina siasa yake Ubelgiji, na ni vizuri mgeni ajue amekanyaga wapi. Mwaka 2024 kondakta mmoja wa treni iliyokuwa Vilvoorde, kaskazini mwa Brussels, aliwasalimu abiria "goeiemorgen, bonjour". Abiria mmoja akapeleka malalamiko kwenye tume ya serikali inayosimamia sheria za lugha, kwa kuwa treni ilikuwa bado katika ardhi ya Kiholanzi na "bonjour" ilipaswa kusubiri Brussels. Neno moja la heri ya asubuhi likajadiliwa nchi nzima. Abiria wa kawaida hafungwi na sheria hiyo, ni mtumishi tu. Mama wa Bukavu anaweza kusema bonjour popote, ila asishangae akijibiwa "goeiendag" kwa msisitizo.

Tangu Januari 2024 kuuliza watu kumekuwa na umuhimu zaidi. De Lijn ilipanga upya njia zake na vituo vingi vidogo vya vijijini vikafutwa, baadhi ya maeneo yakapewa basi dogo la kuagizwa kwa simu au programu kabla ya safari. Mgeni anaweza kusimama penye nguzo ambayo haina basi tena. Atakayepita na baiskeli atamwambia "'t en is gin bus ier", hapa hakuna basi. Asiyeielewa sentensi hiyo ataendelea kusubiri kwenye mvua, na mvua ya huko haina adabu.

Mahali pazuri pa kuanzia, kwa anayetaka kujaribu masikio yake, ni tramu ya pwani. Ilianza mwaka 1885 kwa mvuke, kati ya Oostende na Nieuwpoort, na leo inakwenda km 67 kutoka Knokke hadi De Panne, karibu urefu wote wa pwani ya Ubelgiji. Mwendo mzima unachukua zaidi ya saa mbili. Wakati wa likizo hujaa watalii na lahaja inazama. Lakini siku ya kazi mwezi wa Novemba, tramu ikiwa na wastaafu wenye mifuko ya sokoni, mtu akikaa kiti cha katikati atasikia "joak" na "nint" kila kituo, atawasikia wakilalamika kwamba treni ya Brussels "is te loate", na akibahatika ataulizwa anakwenda wapi. "'k Goan ik noa De Panne," anaweza kujibu, mimi nje na mimi ndani, wala hatakuwa amekosea.

Tramu humalizia stesheni ya treni iliyo Adinkerke. Si mbali na hapo ni mpaka wa Ufaransa, na ng'ambo yake, vijiji vya kuzunguka Dunkerque, bado wapo wazee wanaosema lugha hiyo hiyo ingawa wajukuu wao wanajibu kwa Kifaransa. Huko swali la "Eje e ticket?" halina kazi: tangu Septemba 2018 mabasi ya Dunkerque ni ya bure.